ERIC OMONDI: Kutoka Kwenye Kiki Mpaka Mlango wa Bunge

Ukikaa kijiweni pale Mpanda ukataja jina la Eric Omondi, wengi watakumbuka vituko tu. Sio kosa lao, jamaa alianza hivyo. Mkenya huyu aliyezaliwa 1982 alipata jina kwenye jukwaa la Churchill, kipindi cha Daniel Ndambuki, kisha akahamia mtandaoni na video za kuwaigiza wanamuziki. Akajiita mwenyewe Rais wa Vichekesho Afrika.

Kiki zikawa nyingi mpaka zikamponza. Machi 2021 alikamatwa kwa ajili ya Wife Material, shindano lake la kutafuta mke, kwa madai kwamba hakuwa na kibali cha bodi ya filamu.

Novemba mwaka huohuo akakamatwa tena, safari hii nje ya Bunge, Nairobi. Alikuwa anadai sheria ya kufanya asilimia 75 ya muziki unaopigwa redioni na kwenye TV uwe wa Kenya. Februari 2023 akarudi palepale na vijana vifua wazi, wakilalamikia maisha kupanda bei. Mabomu ya machozi yakapigwa, yeye akabebwa na polisi.

Sasa hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtu aliyezoea kiki akilia kweli, nani atamwamini? Wengi walisema ni zilezile. Yeye akaendelea na Sisi kwa Sisi: anamuonyesha mwenye shida, wafuasi wanachanga walichonacho kwa M-Pesa, bili ya hospitali inalipwa. Watu walewale waliomfuata ili wacheke, ndio wanaotoa hela.

Tarehe 15 Juni 2024 mdogo wake Fred, naye mchekeshaji, akafariki kwa ajali Nairobi. Siku 10 baadaye vijana wa Kenya waliopinga Muswada wa Fedha wakaingia Bunge lilelile. Kuna waliouawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuusaini. Vijana wale walisema hawana kiongozi, na Eric hakuwa kiongozi wao. Ila mlango ule alishaugonga mapema, wakati wengi wanamcheka.

Na huku kwetu? Mei 2020 Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa 2014, alikamatwa baada ya kuicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Hakuandamana. Alicheka tu.

Mdau, mchekeshaji akiacha kuchekesha na kuanza kudai haki, utabaki naye au utamwambia arudi kwenye vichekesho?