Faili ni ya Nani? Safari ya Haki ya Kupata Taarifa Nchini Kenya

Bendera ya Uingereza iliposhushwa Nairobi mwezi Desemba 1963, serikali mpya ilirithi majengo, magari, mihuri na makabati ya faili. Makabati mengine yalikuwa yameshapunguzwa. Takriban faili 1,500 zilikuwa zimesafirishwa hadi Uingereza, na nyingine nyingi zilikuwa zimechomwa moto. Kenya huru ikaanza kazi bila kujua yote yaliyoandikwa juu ya watu wake katika miaka ya hali ya hatari.

Historia ya haki ya raia kuomba taarifa za serikali huwa inasimuliwa kuanzia bungeni, siku sheria ilipopitishwa. Kwa Kenya ni afadhali ianzie masijala, mahali karatasi zilipotunzwa, zilipofichwa na zilipopotezwa. Ukiifuata karatasi, utaona kwamba kilichobadilika ni swali lenyewe. Zamani mwananchi aliyeomba kuona faili aliulizwa: unaitaka ya nini, na wewe ni nani? Leo sheria inamgeukia mwenye faili na kumuuliza: kwa nini unaizuia?

Kipande na baraza

Mkoloni alitawala kwa bunduki, lakini pia kwa karatasi. Kuanzia mwaka wa 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, akikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Mwenyewe alibeba habari zake asizoweza kuzibadilisha, na pengine hata kuzisoma hakuweza. Habari za raia zilipanda juu hadi kwa bwana DC, mkuu wa wilaya, na Nairobi; kutoka juu ziliteremka amri, zikasomwa barazani na chifu. Mwananchi angeweza kuomba ruhusa, msamaha au kibarua. Kuomba kuona kilichoandikwa juu yake halikuwa jambo lililofikiriwa.

Katika miaka hiyo ya hali ya hatari, wakati wa uasi wa Mau Mau, usiri huo uligeuka kuwa ngao. Mwaka wa 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu vipigo vizuizini, akishauri kwamba ikiwa ni lazima kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, karibu na mto Tana. Taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Uchunguzi wa maiti ndio ulioonyesha majeraha, na hoja ikafika hadi Bunge la London. Serikali iliyozoea kwamba hakuna wa kuiuliza ilijibu kama isiyotarajia kuulizwa.

Makasha ya Hanslope

Mwaka wa 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba makoloni yanayoelekea uhuru yasikabidhi karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia, au kuwafichua askari, watumishi na watoa habari wake. Faili zikachambuliwa katika mafungu mawili: zile za kurithishwa kwa serikali mpya, na zile za siri, ambazo ziliruhusiwa kushikwa tu na raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Hivyo afisa Mwafrika angeweza kukalia kiti cha ofisi miezi kadhaa kabla ya uhuru na bado asijue kuna masijala ya pili chini ya pua yake. Maagizo hayakuacha pengo: kitakachochomwa kiwe majivu, na majivu yenyewe yavunjwevunjwe, kisichochomeka kifungwe kwenye makasha mazito na kuzamishwa kwenye kina kirefu cha bahari, mbali na pwani.

Kenya ilianza kuziomba faili hizo mwaka wa 1967, na ikaomba tena katika miaka iliyofuata. Kila mara ilikataliwa. Makasha yaliishia Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza kisicho mbali na mji wa Milton Keynes, yakakaa huko bila kuonekana katika orodha za wazi za nyaraka za taifa lile.

Yaliyoyafungua ni mashtaka. Mwaka wa 2009 wazee waliowahi kuteswa vizuizini, miongoni mwao Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara, waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Mwanahistoria David Anderson aliieleza mahakama juu ya shehena ya karatasi zilizoondolewa Kenya wakati wa uhuru. Mapema 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikakiri kuwa nazo, na si za Kenya peke yake: zilikuwa faili 8,800 hivi, kutoka makoloni 37 ya zamani. Mwezi Juni 2013 Waziri William Hague alieleza masikitiko ya serikali yake bungeni na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Karatasi iliyofichwa ili isiwe ushahidi ikawa ushahidi baada ya nusu karne.

Siri kali ya nchi huru

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumtwika mkoloni lawama zote. Lakini mhuri wa siri kali haukuondoka naye. Kenya ilipitisha sheria ya nyaraka za taifa mwaka wa 1965, ikiweka miaka 30 kuwa muda wa kawaida kabla ya faili kufunguliwa kwa umma. Mwaka wa 1968 ikapata Sheria ya Siri za Serikali, iliyofuata mwendo wa ile ya Uingereza. Kwa mtumishi wa umma somo lilikuwa wazi: ukinyamaza hutaadhibiwa, ukisema unaweza kufungwa.

Katika mazingira hayo habari haikuombwa, ilivuja. Mfano mkubwa ni wa David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona jinsi kampuni ya Goldenberg ilivyokuwa ikilipwa mabilioni ya shilingi kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, bidhaa ambazo Kenya haizalishi kwa kiwango hicho hata kidogo. Nakala alizozitoa ziliwafikia wabunge wa upinzani mwaka wa 1993. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, na ingawa mashtaka yaliondolewa, kazi yake haikurudi. Alifariki mwaka wa 2006 akiwa maskini. Tume iliyochunguza kashfa ya Goldenberg ilikuwa imeshamsikiliza kama shahidi, na nchi ilishamsifu kama shujaa, lakini hakuna sheria iliyokuwa imemkinga.

Miaka ya Rais Kibaki nayo ilikuwa na karatasi zake. Ripoti ya tume ya Ndung'u kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma ilikamilika katikati ya 2004 na kuchapishwa miezi kadhaa baadaye. John Githongo, aliyekuwa mshauri wa rais kuhusu ufisadi, alijiuzulu akiwa ng'ambo mwaka wa 2005, na hati zake kuhusu kandarasi za kashfa ya Anglo Leasing zikawafikia Wakenya kupitia magazeti. Kila mara ukweli ulitegemea mtu mmoja aliyekubali kuhatarisha mkate wake. Nchi haiwezi kuweka hesabu zake wazi kwa kutegemea mashujaa.

Kutoka Sweden hadi Changamwe

Njia nyingine ilikuwepo, tena ya zamani. Tarehe 2 Desemba 1766 Sweden ilipitisha sheria ya uhuru wa uchapishaji iliyowapa raia ruhusa ya kuona na kuchapisha nyaraka za serikali. Aliyeipigania sana ni Anders Chydenius, kasisi kutoka Finland, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Sweden. Mfalme Gustav III aliipangua baada ya kutwaa madaraka mwaka wa 1772, ishara kwamba haki hii inaweza kutolewa na kunyang'anywa. Marekani ilipata sheria yake mwaka wa 1966, Rais Lyndon Johnson akiitia saini bila shangwe.

Hata hivyo, mfano ulioigusa Pwani ya Kenya ulitoka India. Katika vijiji vya Rajasthan, vuguvugu la wakulima na vibarua lililoongozwa na Aruna Roy na wenzake lilidai kuona orodha za malipo ya kazi za umma. Kuanzia 1994 orodha hizo zilisomwa hadharani mbele ya wanakijiji, na ikajulikana kwamba wapo waliolipwa wakiwa marehemu. Madai hayo ya ujira yalizaa sheria ya taifa zima mwaka wa 2005. Mbinu hiyo ilivuka Bahari ya Hindi. Mwaka wa 2007 shirika la haki za binadamu la MUHURI la Mombasa, likisaidiwa na wenye uzoefu kutoka India, liliwafundisha wakazi wa Changamwe kukagua miradi ya hazina ya maendeleo ya eneo bunge lao. Walidai faili, wakazilinganisha na majengo yenyewe, kisha wakamwita mbunge aje kujibu mbele ya umma. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kuwapa haki hiyo. Waliitenda kabla ya kupewa.

Kifungu cha 35

Majirani walikuwa wametangulia. Uganda iliiweka haki hiyo katika Katiba ya 1995 na kutunga sheria mwaka wa 2005. Rwanda ikafuata mwaka wa 2013. Kenya ilikuwa na miswada iliyopelekwa na kufa bungeni. Katiba iliyoidhinishwa na wananchi tarehe 4 Agosti 2010 ndiyo iliyokata mzizi wa fitina: Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na pia zilizo kwa mtu mwingine zikihitajika ili kulinda haki yoyote. Sheria ya kutekeleza ilichukua miaka sita zaidi. Aliyeiwasilisha ni Priscilla Nyokabi, mwakilishi wa wanawake wa Nyeri, na rais aliitia saini tarehe 31 Agosti 2016. Tanzania ilipitisha yake mwaka huohuo, kwa Tanzania Bara.

Ukiisoma sheria ya Kenya utaona swali lilivyogeuzwa. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika anasaidiwa na afisa kuliandika. Kupeleka ombi ni bure. Kinacholipiwa ni gharama ya kutoa nakala. Jibu litoke ndani ya siku 21, na kama uhai au uhuru wa mtu uko hatarini, ndani ya saa 48. Muhimu kuliko yote, haki hiyo haiathiriwi na sababu ya mwombaji wala na dhana ya afisa kuhusu sababu hiyo. Mambo ya kuzuiwa yapo, kama usalama wa taifa, faragha ya mtu na majadiliano ya baraza la mawaziri, lakini anayekataa ndiye anayetakiwa kueleza, na maslahi ya umma yanaweza kushinda kizuizi. Aliyenyimwa anaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman, ambayo kaulimbiu yake ni kwamba hata mnyonge ana haki.

Mkataba wa reli

Jaribio kubwa lilikuja na reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwaka wa 2017 kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China. Mikataba yake ilifichwa, huku uvumi ukidai kwamba bandari ya Mombasa imewekwa rehani. Khelef Khalifa wa MUHURI na Wanjiru Gikonyo waliandika barua kuiomba mikataba hiyo. Walipokosa jibu walikwenda Mahakama Kuu Mombasa. Serikali ilijitetea kwa vipengele vya usiri vilivyomo katika mikataba yenyewe. Mwezi Mei 2022 Jaji John Mativo aliamuru mikataba itolewe: serikali haiwezi kutia saini ahadi ya siri kisha ikaitumia ahadi hiyo kuifuta Katiba. Novemba mwaka huo, chini ya serikali mpya, Waziri Kipchumba Murkomen alichapisha sehemu ya nyaraka hizo. Wakenya wakajisomea kwamba mizozo ya mkopo ingeamuliwa Beijing, na kwamba nchi yao iliahidi kutotoa habari za mkataba bila idhini ya mkopeshaji.

Barua hiyo ya kuomba mikataba haikumfanya mtu kuwa mkimbizi wala kumpotezea kibarua. Ukilinganisha na Munyakei, hapo ndipo umbali uliokwisha kutembewa unapoonekana.

Nani anaruhusiwa kuuliza

Bado kuna kazi. Haki ya kuona karatasi haizai karatasi ambayo haikuandikwa. Sheria ya 2016 iliziagiza taasisi kutunza kumbukumbu zake na kuziingiza kwenye kompyuta ndani ya miaka mitatu, lakini yeyote aliyewahi kufuatilia hati ya shamba anajua jibu la "faili haionekani" lilivyo hai. Kukataa kunahitaji sababu, kupoteza hakuhitaji.

Na kuna mpaka mwingine usiozungumzwa sana. Sheria ya uhuru wa habari ya Uingereza, ya mwaka 2000, haimuulizi mwombaji uraia wake. Mjukuu wa mfungwa wa Hola anaweza kuandika London kutoka Nyeri na kudai faili ya babu yake, na akajibiwa. Haki ya Kenya, kinyume chake, ni ya raia. Mkimbizi aliyezaliwa katika kambi ya Dadaab na kukulia humo, ambaye kila siku yake imeandikwa katika faili za serikali ya Kenya, hana haki hiyo ya Kifungu cha 35 ya kushika mkononi. Anaishi ndani ya karatasi za wengine, kama alivyoishi mwenye kipande. Sheria iliyozaliwa kwa kukataa swali la "wewe ni nani?" bado inaliuliza mlangoni, na Bunge lililoiandika ndilo lenye uwezo wa kulifuta.