Aliyekufa na Bunduki, Aliyekufa na Mzigo

Ukitaka ubishi kijiweni, anzisha habari za makomandoo. Kila mtu ana yake: yule haogopi kitu, huyu yuko radhi afe kuliko kujisalimisha. Sawa. Mimi nina swali moja tu, vijana wenzangu: hiyo heshima ya kufa, anaigawa nani?

Kwetu Vugiri ni mlimani. Chini yetu ndiyo Korogwe na reli ya Tanga kwenda Moshi. Juni 1916 vita vya Wazungu vilipita huko bondeni, Mjerumani akirudi nyuma kuelekea Handeni, Mwingereza akimfukuza. Wingi wa jeshi la Mjerumani walikuwa askari Waafrika. Hao ndio makomandoo wa zama zile. Walifunzwa wakaiva, waliizima Maji Maji ya 1905 hadi 1907 kwa moto na njaa, na vijijini waliogopwa kama chui.

Baada ya vita Wajerumani waliwasifu kwamba walikuwa tayari kufa kwa ajili ya Kaisari. Hebu tuangalie basi. Askari hao walikwenda vitani wakifuatwa na wake na watoto. Mtu anayetafuta kifo haburuzi familia nyuma yake, bwana! Heshima waliyoitaka ilikuwa ya kuishi: mshahara, nyumba, kuitwa bwana mkubwa. Mambo yalipoharibika wengi walitoroka. Zaidi ya 1,100 walivumilia mpaka siku ya kuweka silaha chini, Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918. Mkwawa yeye alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe. Lakini Mkwawa alikuwa na nchi yake ya kufia. Askari alikuwa na mkataba. Mambo haya si sinema ya Rambo.

Sasa njoo kwa mpagazi. Pande zote mbili zilimtumia, na mara nyingi kwa kumkamata tu. Alibeba risasi, unga, hata machela ya majeruhi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, njaa na kuchoka. Wengi hawana kaburi lenye jina.

Pale Samora, Dar es Salaam, sanamu ya mwaka 1927 inamwonyesha askari peke yake na singe yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini. Nairobi angalau mpagazi amesimamishwa pamoja na wapiganaji. Kumbukumbu kubwa ya wapagazi mjini Dar ni jina tu la mahali tunaponunulia viatu: Kariakoo, yaani "Carrier Corps" kwa ulimi wetu.

Wapiganaji wateule wana wa kuwasimulia, tangu majenerali mpaka watengeneza filamu. Mpagazi anatungoja sisi. Wewe unayetaka kuandika, kabla hujamtungia hadithi komandoo wako, kawaulize wazee wa kwenu: katika ukoo wetu, nani alichukuliwa kubeba mizigo asirudi? Ukipata jina, liandike. Hata likiwa moja.