Mshumaa na Safura: Historia Fupi ya Kuwafunza Wanasayansi Kuuandikia Umma

Miongoni mwa mambo ambayo vyuo vikuu vimechelewa mno kuyafundisha ni namna ya mtu aliyesoma sayansi kumwandikia mtu ambaye hakuisoma. Sayansi yenyewe ina karne kadhaa za kufundishwa kwa utaratibu, kwa mitihani na kwa shahada. Lakini stadi ya kuifikisha kwa umma iliachiwa kipawa cha mtu binafsi mpaka miaka ya mwisho ya karne ya 20. Makala haya yanaifuata historia hiyo kwanza katika Uingereza, ambako kumbukumbu zake ni nyingi, kisha katika Afrika Mashariki, ambako mwanafunzi husoma sayansi kwa lugha moja ilhali wananchi walio wengi huzungumza nyingine. Hoja inayotetewa ni kwamba mwalimu wa kweli wa stadi hii, tangu zamani, amekuwa msomaji asiyeelewa. Na kwamba katika Afrika Mashariki juhudi kubwa ya wataalamu wa lugha ilielekezwa kwenye istilahi, na msomaji huyo akasahauliwa.

Mwanzo unaofaa ni mwaka 1806. Katika mwaka huo mwanamke mmoja wa London, Jane Marcet, alichapisha bila kutaja jina lake kitabu cha mazungumzo juu ya kemia, Conversations on Chemistry. Bi Marcet hakuwa mwanakemia. Alikuwa amehudhuria mihadhara ya Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1799, na kama anavyoeleza mwenyewe katika utangulizi, mengi hayakumwingia mpaka alipoyazungumza na rafiki. Kwa hiyo akaandika kitabu kwa umbo la mazungumzo: mwalimu mmoja wa kike na wasichana wawili, wanaouliza, wanaokatiza na wanaobisha. Wasomaji wa Kiswahili, waliozoea majibizano ya washairi wa pwani, hawatashangaa kwamba elimu inaweza kusafiri vizuri kwa swali na jawabu. Lakini linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba kitabu hiki kilitoka kwa mtu aliyekumbuka mahali hasa alipokuwa ameshindwa kuelewa. Mwanakemia bingwa huwa amekwisha kupasahau mahali hapo.

Mmoja wa waliokisoma alikuwa kijana mwanagenzi wa kujalidi vitabu, mwana wa mhunzi, aitwaye Michael Faraday. Katika mwaka 1812 naye alipata nafasi ya kumsikiliza Davy, akaandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya taasisi ile. Habari hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha kijana maskini aliyefanikiwa. Hapa ina umuhimu mwingine. Faraday hakuchukulia kwamba kujua kemia kunatosha kumwezesha kuieleza. Katika barua alizomwandikia rafiki yake Benjamin Abbott mwaka 1813, aliwachambua wahadhiri aliowaona kama fundi anavyochambua kazi ya fundi mwenzake: hewa ya ukumbini, mwendo wa sauti, mikono ya msemaji, hata muda, ambao alitaka usizidi saa moja. Baadaye alijifunza usemaji kwa mwalimu wa fani hiyo, na alipohutubu alikuwa na kadi mbele yake ya kumkumbusha apunguze mwendo. Hakuna chuo kikuu kilichomfunza haya. Alijifunza kwa kuwatazama wasikilizaji.

Wataalamu wa istilahi nao wana sababu yao ya kumkumbuka Faraday. Mwaka 1834, alipokuwa akichunguza jinsi umeme unavyovunja maji na chumvi, alikosa majina ya mambo aliyoyaona, akamwandikia William Whewell wa Cambridge, mtu aliyebobea katika lugha za kale. Whewell akachota katika Kiyunani na kumpa maneno ambayo leo Kiswahili kimeyapokea kuwa anodi, kathodi na ioni: njia ya kupanda, njia ya kushuka, na kitu kiendacho. Mwaka huo huo Whewell alichapisha neno jingine la kubuni, lile ambalo Waingereza humwitia mwanasayansi, katika tahakiki ya kitabu cha Mary Somerville kilichowaelezea wasomaji wa kawaida uhusiano wa sayansi za maumbile. Waingereza wengi walilikataa neno hilo kwa miaka mingi. (Kiswahili kiliunda mwanasayansi kwa kigezo cha mwanamaji na mwanachuo bila ya ghasia yoyote, si kila mara lugha changa katika sayansi huwa ndiyo yenye shida.)

Basi mtu huyu, aliyekwenda mpaka Cambridge kutafuta istilahi, aliziweka kando aliposimama mbele ya watoto. Mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution ilianza mwaka 1825, na Faraday aliitoa mara 19. Mashuhuri zaidi ni mihadhara sita juu ya historia ya kemia ya mshumaa, aliyoitoa mwaka 1848 na kuirudia katika majira ya baridi ya 1860 na 1861. Hoja yake ilianza na kitu kilichokuwamo katika kila nyumba. Nta huyeyuka na kufanya kikombe kidogo chini ya mwali. Nta iliyoyeyuka hupanda utambini kama maji yanavyopanda katika kitambaa kilichochovywa ncha. Juu hugeuka mvuke, na ni mvuke huo unaowaka, wala si utambi. Ukiuzima mshumaa na kuusogeza moto karibu na moshi unaopaa, moto hurukia utambi bila kuugusa, na mtoto ameona kwa macho kwamba kiwakacho ni mvuke. Kutoka hapo Faraday aliwaongoza mpaka maji yanayotokana na kuungua, mpaka hewa ya ukaa, na mwishowe mpaka pumzi ya mwanadamu, ambayo nayo hutumia oksijeni na kutoa hewa ile ile. Kemia nzima ya kuungua imo. Istilahi inayotokea hutokea baada ya jambo lenyewe kuonekana, hivyo hulikuta linaisubiri.

Kitabu cha mihadhara hiyo kilitoka mwaka 1861 chini ya uhariri wa William Crookes. Maana yake ni kwamba maandishi hayo, yanayosomwa hata leo, yalizaliwa katika usemi. Jambo hili lingewafaa sana wahakiki wa fasihi simulizi, ambao kwa bahati mbaya hawana desturi ya kuyatazama maandishi ya sayansi.

Thomas Henry Huxley alifuata njia hiyo hiyo kwa watu wazima. Mwaka 1868, katika mji wa Norwich, aliwahutubia wafanyakazi juu ya kipande cha chaki, kitu ambacho fundi seremala hutembea nacho mfukoni. Chaki hiyo ilikuwa chini ya mji wenyewe waliokuwa wameketi. Huxley aliwaonyesha kwamba ni mabaki ya magamba ya viumbe vidogo vya baharini, wa jamaa moja na wale waliopatikana katika tope la kilindi cha Atlantiki wakati bahari ilipopimwa ili kulazwa waya wa simu. Kwa hiyo nchi kavu ya Norwich iliwahi kuwa bahari, na kwa muda mrefu usiokadirika kwa maisha ya mtu. Anayejiuliza kwa nini hotuba hiyo ilifaulu hana haja ya kutafuta mbali: hakuna msikilizaji aliyekuwa mgeni wa chaki.

Hadi hapo kulikuwa na mabingwa, hapakuwa na mafunzo. J. B. S. Haldane, mwanabiolojia aliyeandika makala zaidi ya 300 katika gazeti la Daily Worker kati ya 1937 na 1950, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuigeuza stadi hii kuwa kanuni zinazoweza kufundishwa. Katika insha iliyotoka kitabuni mwaka 1946 alimshauri mwanasayansi mwenzake aanze na jambo linalojulikana na msomaji, ajue mengi kuliko atakayoyaandika, afupishe sentensi, na asiandike ili kujionyesha. Kisha ampe makala mtu asiyejua mambo hayo ayasome kabla hayajachapishwa. Shauri hili la mwisho ndilo kiini cha mengine yote. Ni Jane Marcet anayerudi, safari hii akiwa ndani ya utaratibu wa kazi.

Vyuo vikuu vilihitaji miaka mingine 40. Mwaka 1985 jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society ilitoa ripoti ya kamati iliyoongozwa na Walter Bodmer, ikasema kwamba wanasayansi hawana budi kujifunza kuwasiliana na umma na kuuona huo kuwa wajibu wao. Mwaka 1991 chuo cha Imperial College, London, kikaanzisha shahada ya uzamili ya mawasiliano ya sayansi. Kuanzia hapo stadi iliyokuwa kipawa ikapata mitaala, walimu na mitihani.

Je, Afrika Mashariki? Mwaka 1985 ulikuwa na uzito wake Kenya pia, kwani ndio mwaka ambao mfumo wa 8-4-4 ulianza na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo waliingia vyuo vikuu mwaka 1990. Tangu hapo karibu kila mwanafunzi wa fizikia, wa udaktari au wa kilimo katika vyuo vya Kenya amefika akiwa amekwisha kutahiniwa Kiswahili katika shule ya msingi na ya sekondari. Aghalabu anapoingia langoni lugha hiyo huachwa nje. Kozi ya stadi za mawasiliano anayopewa hufundishwa kwa Kiingereza, na humwandaa kuandika ripoti na barua ya kuombea kazi. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza; hata hivyo mwanafunzi huyo anaweza kuhitimu bila kuandika hata aya moja ya sayansi ambayo shangazi yake angeisoma.

Si kwamba kazi haikufanywa kamwe. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, kwa vipindi vya redio, vitabu na vikundi vya kusoma, na watu wapatao 2,000,000 walishiriki. Magonjwa yaliyozungumziwa yalikuwa malaria, kichocho, kuhara, kifua kikuu na safura. Hili la safura lafaa kuchunguzwa. Wananchi walikuwa na jina la ugonjwa tangu zamani. Walimjua mgonjwa wake kwa weupe wa macho, kwa uvimbe na kwa uchovu. Lakini jina halikuwa na mnyoo ndani yake. Atakayeeleza safura kwa Kiswahili sharti aanze na mgonjwa huyo ambaye kijiji kizima kinamjua, aende kwenye mnyoo unaofyonza damu tumboni, kwenye mayai yatokayo na kinyesi, kwenye udongo wenye unyevu, kwenye unyayo usio na kiatu, ndipo afike chooni. Njia hii haina tofauti na ile ya mshumaa. Tofauti iko kwa waandishi: kampeni hiyo ilikuwa kazi ya wataalamu wa elimu ya watu wazima wakishirikiana na watu wa afya, wala haikuzaa somo la kudumu kwa wanafunzi wa sayansi.

Wataalamu wa lugha, kwa upande wao, walikuwa katika kazi nyingine, nayo ilikuwa kubwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikusanya na kusanifu istilahi kwa miaka mingi, na mwaka 1990 ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hakuna haki ya kuidharau kazi hiyo. Neno kama usanisinuru limeundwa kwa ustadi: usanisi na nuru, na mwanaisimu huridhika. Ila mkulima akiambiwa kwamba mahindi yake yamedumaa kwa upungufu wa usanisinuru, hajaambiwa kitu. Aambiwe kwanza kwamba jani hujipikia chakula kwa maji, hewa na mwanga wa jua, na kwamba jani lililofunikwa na kivuli cha magugu hukaa na njaa. Baada ya hapo akipewa neno atalipokea. Tatizo ni kwamba wengi walidhani istilahi ikipatikana maandishi yatajiandika yenyewe.

Janga la korona la mwaka 2020 lilionyesha hali hiyo waziwazi. Maneno yalipatikana kwa muda mfupi. Barakoa, vazi la uso la wanawake wa Uarabuni na pwani, lilipewa kazi mpya na likaenea. Kitakasa mikono kikasikika karibu na sanitaiza. Kilichokuwa adimu ni aya mbili tatu za Kiswahili safi za kumweleza mtu kwa nini chanjo humfanya ahisi homa kidogo, au kwa nini asiye na dalili anaweza kuambukiza. Waliolijua jibu hawakuwa wamefunzwa kuliandika, na wenye kalamu ya Kiswahili hawakuwa na hakika ya jibu.

Zoezi lenyewe si la gharama. Mwanafunzi wa zuolojia ataandika maneno 500 juu ya safura, istilahi isitangulie maelezo. Idara yake itasahihisha ukweli, idara ya Kiswahili itasahihisha lugha, na nakala ya tatu itasomwa na mtu wa nje ya chuo, mshonaji au mwuza mboga, atakayetia alama mahali alipokwama. Alama za huyo wa tatu ndizo zitakazoleta ubishi katika baraza la chuo, kwa kuwa hakuna kanuni ya mtihani inayomtambua.