Mkono wa Fundi na Kanda ya Matundu

Mwaka 1952 Kurt Vonnegut alichapisha riwaya yake ya kwanza, Player Piano. Ndani yake kuna mzee anaitwa Rudy Hertz, fundi wa kerezo, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Zamani za kazi yake, vijana wa kampuni walimjia na vyombo vya kurekodi. Wakanasa kila mwendo wa mikono yake kwenye kanda, kisha kanda ile ikaendesha makerezo mengine mengi, na mafundi wakaambiwa waende nyumbani. Kinachouma zaidi kwenye kisa hiki ni kwamba Rudy hakukasirika. Alijivunia kwamba kati ya mafundi maelfu, yeye ndiye aliyechaguliwa.

Vonnegut hakuota tu usiku akaamka kuandika. Alikuwa ameajiriwa na General Electric mjini Schenectady, New York, kuandika habari za kampuni, na alisema baadaye kwamba wazo la riwaya lilitokana na mashine aliyoiona pale ikichonga sehemu za injini za ndege bila fundi kuishika.

Mwaka huohuo, mwezi Septemba, chuo cha MIT huko Massachusetts kiliita watu waje watazame mashine kubwa ya milingi, aina ya Cincinnati Hydro-Tel, ikikata chuma kwa kufuata kanda ya karatasi iliyotobolewa matundu. Kando yake kulikuwa na makabati ya vifaa vya umeme, mamia ya valvu za kioo ndani, yakichukua nafasi kubwa. Hiyo ndiyo nyanya ya kila CNC unayoisikia ikivuma leo, iwe Industrial Area ama Shenzhen.

Ukisoma haraka utadhani kanda ya Rudy na kanda ya MIT ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo. Kanda ya Rudy ilitoka mikononi mwa fundi. Kanda ya MIT ilitoka kwenye hesabu, na hakuna fundi aliyeigusa kabla ya kufika kwenye mashine. Dunia ilichagua ya pili, na sababu hazikuwa za kiufundi peke yake.

Tuanze na John Parsons. Huyu jamaa hakuwa profesa. Kampuni ya familia yao, Traverse City, Michigan, ilitengeneza pangaboi za helikopta. Ubao wa pangaboi una umbo gumu: mgongo wake ni mkunjo usiokuwa duara wala mstari, na ukikosea kidogo helikopta inatetemeka hewani. Kawaida mchoraji alitoa pointi chache, fundi akaunganisha mkunjo kwa jicho na tupa, ndipo akapata kigezo cha kupimia nyingine zote.

Mwaka 1946 Parsons alimwajiri mhandisi Frank Stulen. Wawili hawa wakachukua mashine za IBM za kadi zenye matundu, ambazo maofisi yalitumia kwa hesabu za kawaida kama mishahara, wakazipigisha hesabu ya mkunjo wa pangaboi. Badala ya pointi chache wakapata kama 200. Sasa utazikata vipi? Njia yao ya kwanza inachekesha ukiiwaza: mtu mmoja anasoma namba kwa sauti kutoka kwenye karatasi, wa pili anazungusha gurudumu la kwenda kushoto na kulia, wa tatu anazungusha la mbele na nyuma. Soma, zungusha, kata. Soma, zungusha, kata. Yaani CNC ya kwanza iliendeshwa na binadamu watatu wakisomeana namba kama makanga wanaohesabu nauli.

Hatua iliyofuata ilikuwa wazi: watoe wale watu wawili, weka mota, na kadi izisomee mota namba. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na shida inayofanana. Ndege mpya za jeti zilihitaji mabawa yanayochongwa kutoka kwa bamba moja zima la aluminiamu, na kukosea bamba moja ilikuwa hasara kubwa. Juni 1949 Parsons akapewa mkataba wa dola 200,000. Hakuwa na ujuzi wa mota zinazojirekebisha zenyewe, kwa hivyo akaenda kuomba msaada kwenye maabara ya servo ya MIT.

Hapo ndipo hadithi ikabadilika mikono. Parsons alitaka mashine rahisi, ya kukata pointi kwa pointi. MIT walitaka kitu kikubwa zaidi: mashine inayofuata njia bila kukatika, mihimili mitatu kwa pamoja, umbo lolote. Baada ya muda MIT wakafanya kazi na Jeshi la Anga moja kwa moja, na mwenye wazo akabaki nje ya mlango. Hataza yake aliiomba Mei 1952 na kuipata Januari 1958. Ilibidi angoje mpaka 1985 ndipo yeye na Stulen wakapewa Nishani ya Taifa ya Teknolojia. Kama umewahi kupeleka wazo kwa taasisi kubwa ukaambiwa "tutakupigia", basi Parsons ni ndugu yako.

Sasa turudi kwa Rudy, kwa sababu mashine yake ilikuwepo kweli. Miaka ya 1946 na 1947 wahandisi wa General Electric walijenga mfumo wa kurekodi na kurudia. Fundi hodari anakata kipande cha kwanza kwa mikono yake. Kanda ya sumaku inarekodi miondoko yote. Kisha mashine inarudia yenyewe. Mfumo ulifanya kazi, ulikuwa rahisi, na haukuhitaji mtaalamu wa hisabati. Lakini haukuenea.

Mwanahistoria David Noble aliandika kitabu kizima juu ya swali hili, Forces of Production, mwaka 1984. Jibu lake ni kali: mabosi hawakuutaka kwa sababu ulimwacha fundi kuwa chanzo cha kanda. Mwaka 1946 GE ilikuwa imetoka kwenye mgomo mkubwa wa wafanyakazi. Kampuni iliyochoka na mafundi wanaojua thamani yao haiwezi kufurahia teknolojia inayomhitaji fundi huyohuyo ili kuanza. Namba za MIT ziliahidi kitu kingine: kazi ipangwe ofisini na wenye mashati meupe, na kule chini abaki mtu wa kubonyeza kitufe.

Mimi naona Noble ana haki, ila si yote. Bawa la ndege lenye mkunjo wa pande tatu halina fundi wa kulikata kwa mkono ili arekodiwe. Mkono una viungo vingi lakini hauwezi kuzungusha magurudumu matatu kwa ulinganifu wa namna ile. Kwa kazi hiyo namba zilihitajika kweli. Lakini karakana nyingi hazikatangi mabawa. Zinakata shafti, gia, flenji, vitu ambavyo kurekodi kungetosha kabisa. Wenye karakana wenyewe hawakuziparamia mashine za namba. Zilikuwa ghali, na kuandaa kanda moja kungeweza kuchukua muda mrefu kuliko kukata chuma chenyewe. Ilibidi serikali ya Marekani inunue zaidi ya mashine mia moja na kuziweka kwenye viwanda vya ndege ili soko lianze. Ukiambiwa teknolojia bora hushinda yenyewe, uliza kwanza nani alilipa bili.

Kero ya kuandaa kanda ndiyo iliyozaa kile tunachokiita CAM, yaani kutumia kompyuta kupanga kazi ya mashine. MIT tena, kijana mmoja aitwaye Douglas Ross akaongoza kutunga lugha iliyoitwa APT. Badala ya kuhesabu kila pointi, unaieleza kompyuta maumbo: hapa kuna mstari, hapa kuna duara, kisu kipite kushoto kwake. Kompyuta inahesabu iliyobaki. Februari 1959 waliita waandishi wa habari, na kila mmoja akaondoka na kisahani cha aluminiamu cha kuwekea majivu ya sigara, kilichochongwa kwa APT. Programu ya kukata ndege za kivita ilijitambulisha kwa umma kama kisahani cha majivu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kompyuta ikawa ndogo ikaingia ndani ya mashine, ndipo ile herufi C ya kwanza ikaongezwa na NC ikawa CNC. Wajapani wa Fanuc walijitenga na Fujitsu mwaka 1972 wakateka soko la vidhibiti. Mwaka 1988 Gene Haas wa California alileta mashine ya milingi chini ya dola 50,000, na karakana ndogo zikaanza kuota.

Nairobi ilijiunga na hadithi hii kwa mlango wa ajabu. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata likiwa baya, hata likiwa la polepole. Magari matano ya majaribio yakaundwa, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakazinduliwa 1990. Uzalishaji haukufika popote, pesa hazikupatikana, na utani juu ya gari lile unaujua, hata kama hukuwa umezaliwa. Lakini watu wengi wakishacheka hapo huondoka, na wanakosa sehemu muhimu. Shirika la Nyayo Motors liligeuzwa jina likawa Numerical Machining Complex, likiwa kwenye karakana za reli hapa Nairobi, na kazi yake ikawa vipuri na sehemu za mashine. Litazame hilo jina. Neno "numerical" ni lile lile la MIT, la Parsons na karatasi yake ya namba. Ndoto ya gari ilipokufa, kilichobaki ni mashine za kutengenezea mashine, na mimi naona hicho ndicho kilikuwa na thamani zaidi tangu mwanzo. Kwamba shirika hilo liliwahi kuwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi kungemfanya Parsons atabasamu: teknolojia iliyolelewa na wanajeshi ilirudi kwa wanajeshi.

Mbali kidogo na pale, Kariobangi Light Industries, kuna njia nyingine kabisa ya kuhifadhi ujuzi. Unaenda na shafti iliyovunjika. Fundi hakuulizi mchoro. Anataka sampo. Anaipima kwa vernia, anaikagua ilivunjikia wapi, anakuambia hii ilikuwa chuma laini, nikupe ngumu kidogo. Hakuna faili. Akihama ama akifa, ujuzi umeondoka naye, isipokuwa kama alikuwa na kijana aliyesimama kando akitazama.

CAM haioni kitu cha namna hiyo. Unaipa umbo, unaichagulia kisu, kasi ya mzunguko, kina cha kukata na mwendo wa kulisha, nayo inachora njia, kisha inaitafsiri kuwa maagizo ambayo mashine yako inayaelewa. G00 ni kwenda haraka hewani. G01 ni kukata kwa mstari. M03 ni kuzungusha kisu, M08 ni kufungua maji ya kupoza, M30 ni kazi kwisha. Lakini programu inaamini kila ulichoiambia. Ukiiambia hiki ni chuma laini na kumbe ni ekseli ya lori lililochakaa, itakupangia mwendo wa kuvunja kisu cha pesa nyingi. Haijui vaisi imelegea. Haisikii chuma kikianza kulia.

Ndiyo maana ndoto ya mbonyeza-kitufe haikutimia hata Marekani. Katika kiwanda cha GE huko Lynn, Massachusetts, mashine za namba zilisumbua mpaka mwaka 1968 uongozi ukaanzisha mradi wa majaribio: mafundi wakapewa wajipange wenyewe bila msimamizi kuwasimamia shingoni. Mradi ulidumu miaka kadhaa kisha uongozi wenyewe ukaufunga. Noble anasema sababu ilikuwa kuogopa kupoteza usukani. Na kwenye mashine ya CNC bado kuna kitasa kimoja kidogo, cha kupunguza ama kuongeza mwendo wa kisu wakati programu inaendelea. Wahandisi walijaribu kumtoa fundi, halafu wakamwachia kitasa.

Kwa kijana wa Nairobi anayejifunza leo, swali la kanda ni ya nani limehamia kwenye leseni. Wengi wameingia kwenye CAM kupitia Fusion 360 ya Autodesk, kwa sababu ilikuwa na toleo la bure. Mwaka 2020 kampuni ilipunguza toleo hilo: kubadilisha visu kiotomatiki kukatolewa, mhimili wa nne ukatolewa, na hata mwendo wa haraka wa G00 ukatolewa, hivi kwamba kisu kinapita hewani polepole kana kwamba kinakata chuma. Mashine yako, umeme wako, chuma chako, lakini kasi umenyimwa na mtu aliye California.

Kwa upande mwingine kuna GRBL, kidhibiti alichokianzisha Simen Svale Skogsrud wa Norway mwaka 2009, kinachokaa kwenye kibao cha Arduino cha bei ya chini na ambacho yeyote anaweza kukisoma na kukibadilisha. Kuna LinuxCNC, iliyotokana na kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani. Kuna FreeCAD yenye sehemu yake ya CAM. Hazina sura ya kupendeza, na siku ya kwanza utazitukana.

Na faili lenyewe la G-code, bila kujali limetoka kwenye programu gani, ni maandishi matupu. Linafunguka hata kwenye simu. Mstari unasema G01 X40 F300. Chuma kimelia mashine ilipofika hapo. Unafuta 300, unaandika 200, unaanza tena.