Chupa Yenye Siri

Huenda, msomaji, umepata kusimama siku ya soko, iwe Suam mpakani mwa Kenya na Uganda, au Kitale, au Bungoma, ukamsikiliza mchuuzi wa dawa. Chupa yake ni moja, lakini maradhi anayodai kuyaponya hayana idadi. Ukimwuliza kilichomo ndani, atakujibu kwamba hiyo ni siri. Siri hiyo ina historia ndefu, nayo yafaa uijue.

Hapo kale wafalme wa Uingereza walitoa hati zilizompa mtu haki ya kutengeneza na kuuza kitu peke yake. Dawa za chupa zilipata jina lao la Kiingereza kutokana na hati hizo. Ajabu ni kwamba wauzaji wengi hawakuziomba kamwe, maana mwombaji angetakiwa kueleza kilichomo. Walilinda jina la dawa tu, wakaficha viungo vyake. Katika karne ya 19 Marekani ilijaa dawa za namna hiyo. Sharubati ya Mrs. Winslow, waliyonyweshwa watoto wachanga walioota meno, ilikuwa na mofini. Mtoto alinyamaza, mama akashukuru, asijue kwamba mwanawe amelevywa. Na wako watoto ambao hawakuamka tena.

Mwaka 1906 Marekani ilitunga sheria iliyowalazimisha wauzaji kuandika juu ya chupa kama mna pombe, afyuni au mofini. Chini ya sheria hiyo serikali ilipima mafuta ya nyoka ya Clark Stanley, ikakuta mafuta ya madini, shahamu kidogo na pilipili. Stanley akatozwa faini ya dola 20. Nchini Kenya, Sheria ya Famasi na Sumu ilianza kutumika mwaka 1957.

Lakini usidhani kwamba dawa isiyofaa hutoka kwa mlaghai peke yake. Mwaka 1990 Rais Moi alilitangazia taifa dawa ya UKIMWI iitwayo Kemron, iliyotoka kwa wataalamu wa taasisi ya utafiti ya KEMRI. Matumaini yalikuwa makubwa. Basi dawa ya namna hiyo ikapimwa ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda. Mamia ya wagonjwa waligawanywa mafungu mawili: fungu moja likapewa dawa, la pili likapewa kitu kilichofanana nayo kisicho na dawa, wala mgonjwa hakujua amepewa kipi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba waliopewa dawa hawakupata nafuu kuliko wenzao.

Twajifunza nini? Kwamba kupona kwa mtu mmoja si ushahidi, kwa kuwa maradhi mengi huondoka yenyewe. Mchuuzi hujisifia waliopona. Waliokufa hawarudi sokoni kumshitaki.

Mwaka 2011 maelfu ya watu, wengine kutoka Kenya, walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wako waliofia safarini, na wako walioacha dawa zao za hospitali. Tusiwacheke. Mfa maji haachi kutapatapa.

Wala tusidharau miti shamba. Kwinini, iliyookoa watu wengi na malaria, ilitolewa katika gome la mti wa Amerika ya Kusini mwaka 1820. Hatari basi haimo katika mti wala katika chupa, bali katika kuficha kilichomo na kukataa kupimwa.

Kwa hiyo, siku mchuuzi atakapokunyoshea chupa yake, mwulize maneno matatu: Mna nini ndani? Nani ameipima? Na wasiopona ni wangapi? Asipoweza kukujibu, mwachie chupa yake, ushike njia yako ya zahanati.