Ujumbe Taka Si Lazima Uwe Mchafu

Kikundi ni cha wafugaji wa kuku wa mayai. Watu wanaulizana kuhusu kideri na bei ya pumba, mara linaingia tangazo la mkopo usio na dhamana. Likifutwa, linakuja la mganga wa kumrudisha mpenzi aliyeondoka, kisha la kujiunga na Freemason upate utajiri. Matangazo hayohayo, bila kubadilishwa hata nukta, yamo pia katika kikundi cha wazazi wa shule na cha wanakwaya. Wengi wetu tunayaita spamu. Wafasiri wa programu za kompyuta walituletea barua taka, na siku hizi ujumbe taka umeanza kuzoeleka. Ni istilahi nzuri, fupi, inaeleweka bila kamusi. Ila neno taka linamvuta msikilizaji akague yaliyomo ndani ya ujumbe, wakati dhana yenyewe tangu mwanzo ilihusu namna ujumbe ulivyosambazwa.

Tuanze na nyama. Mwaka 1937 kampuni ya Hormel ya Minnesota, Marekani, ilianza kuuza nyama ya nguruwe ya kopo kwa jina la Spam. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyama ilipokuwa ya mgao, kopo hilo lilienea sana Uingereza. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Monty Python wakatunga kichekesho cha televisheni kuhusu mkahawa ambao karibu kila chakula chake kina Spam. Mteja mmoja haitaki. Pembeni wamekaa Waviking wanaoimba jina la nyama hiyo, sauti ikizidi kupanda mpaka mazungumzo yanashindikana. Wapenzi wa kompyuta waliokipenda kichekesho hicho ndio waliolichukua neno. Nyama ya kopo haikuwa imeoza. Kero ilikuwa kwamba imejaa kila sahani, na wimbo wake umewanyima wengine nafasi ya kusema.

Kitendo kilitangulia jina. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwatumia watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET mwaliko wa kwenda kutazama mashine mpya. Mashine zilikuwepo kweli, mwaliko ulikuwa wa kweli, na bado watu walikasirika.

Jina lenyewe lilishika mizizi Usenet, mtandao wa vikundi vya majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke. Machi 1993 Richard Depew aliandika programu ya kuondoa machapisho yasiyofaa. Programu ikawa na kasoro, ikamwaga ujumbe wapata 200 katika kikundi kimoja, na wasomaji wakaita kile kitu spamu. (Dawa ndiyo iliyokuwa ugonjwa, jambo ambalo wasimamizi wa vikundi hawajaacha kulishuhudia.) Januari 1994 ukaja ujumbe wa kidini uliotangaza kurudi kwa Yesu, ukaingizwa karibu katika kila kikundi. Aprili 12 mwaka huohuo, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, mtu na mkewe, wakabandika tangazo lao katika vikundi zaidi ya 5,000. Wasomaji wa Afrika Mashariki wataitambua bidhaa: bahati nasibu ya Green Card. Walitoza ada ili kumsaidia mtu kuingia katika shindano ambalo kuingia kwake kulikuwa bure. Malalamiko yaliyomiminika yaliizidi nguvu kompyuta ya kampuni iliyowapa intaneti. Wao hawakujuta, waliandika hata kitabu cha kuwafundisha wengine.

Wahandisi wa Usenet wangeweza kuanza kubishana kama dini ni taka, au kama wakili ana haki ya kujitangaza. Waligundua mapema kwamba mjadala huo hauna mwisho, na kwamba anayepewa mamlaka ya kupima maudhui ndiye anayegeuka kuwa mkaguzi wa mawazo ya watu. Wakaamua kuhesabu. Seth Breidbart alitoa kanuni iliyobeba jina lake. Kwa kila nakala iliyobandikwa, chukua kipeuo cha pili cha idadi ya vikundi ilikoelekezwa, kisha jumlisha nakala zote. Nakala moja iliyoelekezwa vikundi 9 kwa pamoja inapata 3. Nakala 9 zilizobandikwa mojamoja zinapata 9, kwa sababu msomaji wa vikundi hivyo atakutana nazo mara tisa. Jumla ikifika 20 ndani ya siku 45, ujumbe unafutwa. Hakuna anayeuliza umesema nini. Sala inafutwa, shairi linafutwa, tangazo la kazi linafutwa. Kwa upande mwingine tangazo la kitapeli lililobandikwa mara moja katika kikundi kimoja haliguswi na kanuni hii, hata likiwa la hovyo kiasi gani.

Sasa turudi kwenye taka. Mfumo wa jina likifuatwa na taka tunao katika majitaka, na humo mantiki iko wazi: maji yalikuwa safi, yametumika, yamebeba uchafu. Ujumbe taka haukuwahi kuwa safi kisha ukachafuka. Ndiyo maana mwanakikundi akiambiwa amebandika ujumbe taka, jibu lake la kwanza ni kutetea maudhui: "Mbona ni kitu cha maana? Mbona nimesaidia watu?" Na mara nyingi anasema kweli. Istilahi imempa nafasi ya kujibu swali ambalo hakuulizwa.

Kasoro hii haitoshi kuitupa istilahi, kwa sababu Kiswahili kina kitenzi kinachoirekebisha. Taka hutupwa. Kila mji wetu una ukuta ulioandikwa "Usitupe taka hapa", na bango hilo linazungumzia kitendo na mahali. Lori la mchanga safi wa kujengea likimwagwa mlangoni kwako usiku bila wewe kuagiza, mchanga ule ni taka mpaka uondolewe, hata kama jirani yako angeununua kwa furaha. Kwa hiyo badala ya kuspamu, ambalo nimelisikia kwa vijana na sina ugomvi nalo vijiweni, napendekeza tuandike kutupa taka kikundini, na mwenye tabia hiyo awe mtupa taka. Kitenzi kinaondoa macho kwenye mchanga na kuyaweka kwenye lori.

Barua taka, kwa maoni yangu, ibaki kwenye barua pepe tu, ilikozaliwa. Kinachowekwa kikundini hakina anwani ya mtu, si barua. Kiitwe chapisho taka au ujumbe taka. Katika wingi, machapisho taka hayana tatizo. Jumbe taka zinawatia shaka wasahihishaji wanaoshikilia kwamba ujumbe hauna wingi, na wanaokumbuka kwamba jumbe pia ni mtawala wa zamani wa pwani. Sioni kama kuna atakayewachanganya.

Mpaka wa pili wa kuulinda ni kati ya taka na utapeli. Ule ujumbe maarufu wa simu, "Ile pesa itume kwenye namba hii", ni utapeli kwa maudhui yake na ni taka kwa sababu umerushwa kwa watu wengi kwa kubahatisha, ukimtafuta mmoja ambaye kweli alikuwa anakaribia kutuma kodi ya nyumba. Mambo haya mawili hukutana mara nyingi bila kuwa kitu kimoja. Sheria nazo zinatofautiana hapa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 20, inahusu ujumbe usioombwa unaotumwa au kusambazwa kwa nia ya kutenda kosa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inamruhusu mfanyabiashara kukutumia tangazo usiloliomba, mradi asidanganye na akupe njia ya kujiondoa.

Mashine nazo ziligawanyika vivyo hivyo. Agosti 2002 Paul Graham alieleza kichujio kinachojifunza kutokana na barua za mtumiaji mwenyewe: kila neno hupewa uwezekano kulingana na linavyojitokeza katika taka na katika barua halali. Aligundua kwamba msimbo wa rangi nyekundu iliyokoza, ff0000, ulikuwa ushahidi mkubwa sawa na neno lolote la ngono. Kichujio cha aina hii kinapima maudhui, na Kiswahili kinakitesa. Tuma, itume, nitumie, umtumie na nitumieni kwetu ni mzizi mmoja. Kwa mashine inayohesabu maneno kama yalivyoandikwa ni maneno matano yasiyojuana, kila moja likisubiri ushahidi wake. Tena "ile pesa itume kwenye namba hii" haina neno hata moja ambalo mama hamwandikii mwanawe.

WhatsApp haina njia hiyo, kwa kuwa ujumbe husafiri ukiwa umefungwa na kampuni haiwezi kuusoma. Ikarudi kwenye hesabu. Januari 2019 iliwawekea watumiaji wa dunia nzima kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au vikundi 5 kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda mahali 1 tu kwa wakati. Breidbart angeitambua fikra hiyo.

Kinachobaki kinamwangukia msimamizi, ambaye wanakikundi humwita admini na ambaye halipwi. Mganga na wa mikopo humpa kazi ndogo, maana huwatoa bila kuaga. Mtihani wake ni mzee anayeheshimika anayeleta, kila alfajiri, picha ya maua yenye dua, ileile anayoipeleka katika vikundi vyake vyote. Kwa kanuni ya hesabu, hiyo ni taka. Kwa adabu zetu, kulitamka neno hilo mbele yake ni kumtusi, na hapo ndipo istilahi inapohitaji mwenza mpole. Wasimamizi wengi wamekwisha kumpata: nje ya mada. "Shikamoo mzee. Dua tumeipokea, tunashukuru. Ila hapa wenzetu wanatafuta habari za chanjo ya kuku, na dua iko nje ya mada. Tungeomba tuwe tunaipata Ijumaa." Mwenye lori la mikopo hahitaji sentensi zote hizo.