Mke wa Pili na Fasili ya Dhambi katika Milima ya Upare

Msafiri apitaye Kifaru katika njia ya Moshi kwenda Same huiona safu ya Upare ikiinuka karibu naye. Huko juu, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, makanisa mawili yameisoma Biblia ile ile kwa namna mbalimbali. Walutheri wa Misheni ya Leipzig walianza Shighatini, Upare ya Kaskazini, mwaka 1900. Waadventista Wasabato walianza Giti, Upare ya Kusini, mwaka 1903, na kituo chao wakakiita Friedensthal, maana yake Bonde la Amani. Wote walitoka Ujerumani, na wote walikuta nchi ambayo mtu mwenye mali aweza kuoa wake wawili au watatu, kila mmoja kwa mahari ya mifugo iliyotolewa mbele ya wazee. Tena ndugu wa marehemu aweza kumrithi mjane. Swali lililowakabili lilikuwa hili: je, mwenye wake wawili yu katika dhambi? Na kama yumo, atatubuje?

Jibu lategemea dhambi yenyewe ni nini, na hapo ndipo makanisa hayo mawili yalipotofautiana. Waadventista waliishika sana Yohana wa Kwanza, mlango wa 3, aya ya 4, wakiisoma kwamba dhambi ni kuivunja sheria. Na sheria kwao ni Amri Kumi zote, pamoja na ile ya Sabato, ambayo ndiyo iliyowapa jina lao. Walutheri walifuata Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ibara yake ya pili yasema kwamba mwanadamu huzaliwa akiwa hamchi Mungu wala hamtumaini, tena akiwa na tamaa mbaya. Kwa hao, kuvunja amri ni tunda tu; mzizi uko ndani zaidi.

Fasili hizi si mchezo wa maneno. Ukimpima mtu kwa sheria iliyoandikwa, huna budi kuonyesha ni amri ipi aliyoivunja. Sasa tuifungue Torati. Kutoka 21 yamwagiza aoaye mke wa pili asimpunguzie wa kwanza chakula, wala mavazi, wala haki yake ya unyumba. Kumbukumbu la Torati 21 yamkataza mwenye wake wawili kumnyima mzaliwa wa kwanza urithi wake kwa sababu mama yake hapendwi. Nabii Nathani alipomkemea Daudi, hakumkemea kwa wingi wa wake, bali kwa kumtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe. Hata uzinzi, katika sheria ile ya kale, ulikuwa kosa la kumwendea mke wa mtu. Aliyemshawishi mwanamwali asiyeposwa alitozwa mahari na kuamriwa amwoe. Nadhani mzee wa Kipare aliyesomewa milango hiyo angeona kwamba Musa alikuwa mtu wa kwao.

Kwa upande wa Walutheri jambo ni la ajabu zaidi. Mwaka 1539 Filipo wa Hesse, mmoja wa wakuu waliotia sahihi Ungamo lile lile la Augsburg, alitaka kuoa mke wa pili hali wa kwanza yu hai. Martin Luther na Filipo Melanchthon walimshauri kwa siri kwamba kuoa hivyo si haramu kabisa mbele ya Mungu, ila ni afadhali kuliko uasherati, na lisitangazwe. Akaoa Machi 1540. Habari ikavuja, na aibu ikawa kubwa. Sijui kama kuna mmisionari hata mmoja aliyewahi kuwasimulia wanafunzi wake kisa hicho!

Basi, kama sheria haikulikataza waziwazi, na Luther mwenyewe aliyumba, kanuni ya mke mmoja ilitoka wapi? Wamisionari walijibu: katika Mwanzo 2, mume na mke kuwa mwili mmoja, na katika Mathayo 19, Yesu aliporudia neno hilo. Jibu hilo lina nguvu. Lakini naona pia kwamba walikuja na ndoa ya Ulaya, ambayo sheria za Kirumi zilikuwa zimeifanya ya mke mmoja kabla ya kuja Ukristo. Katika mkutano mkuu wa misheni uliofanyika Edinburgh mwaka 1910, waliotoka Afrika walikuwa wakali sana katika jambo hili.

Hatari ya kanuni hiyo ilikuwa imekwisha kuonwa na Askofu John William Colenso wa Natal, aliyeandika mwaka 1855 na tena mwaka 1862. Hoja yake ni nyepesi kueleza na ngumu kujibu. Yesu alikataza mume kumwacha mkewe, isipokuwa kwa uasherati. Mke wa pili hakufanya uasherati. Alitolewa mahari, akaolewa mchana. Ukimwambia mumewe amfukuze ili apate ubatizo, wamtaka afanye jambo ambalo Injili imelikataza. Na ukisema hakuwa mke, basi watoto wake ni nini? Mume alitoka majini akiwa safi. Mwanamke akarudi kwa baba yake, mahari yakaanza kudaiwa, na watoto wakabaki kwa mume, kwa kuwa ukoo wafuata baba.

Waadventista wenyewe hawakutulia. Mwaka 1930 Konferensi Kuu yao ilikubali kwamba mtu aliyeoa wake wengi kabla ya kuijua Injili aweza kubatizwa na kuwekwa katika muda wa majaribio, asipewe ushirika kamili mpaka abaki na mmoja. Mwaka 1941 ikageuza: aachane nao wote isipokuwa mmoja, ndipo abatizwe. Walakini wake walioshindwa kutoka katika ndoa hiyo kwa sababu ya mila waliweza kubatizwa. Tazama basi: ndoa ile ile, usiku ule ule, ni dhambi kwa mume, na kwa mke si dhambi. Kanisa lilikuwa limekiri, pasipo kusema, kwamba kuivunja sheria kwataka hiari ya mvunjaji, na kwamba mwanamke hakuwa na hiari.

Waanglikana walichukua karne nzima: Lambeth ya mwaka 1888 ilikataa kumbatiza mwenye wake wengi, ile ya mwaka 1988 ikamkubali bila kumlazimisha kuwaacha, mradi asioe mwingine.

Mjane wa kurithiwa naye alikuwa kati ya milango miwili: Walawi 18 yakataza mke wa ndugu, Kumbukumbu la Torati 25 yaamuru amrithi ikiwa marehemu hakuacha mwana. Aliyemfungulia njia ni Bunge. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo yaitambua ndoa ya wake wengi, ilimpa mjane uhuru wa kuolewa na amtakaye, mila iseme isemavyo.